Sauti Iliyofika Mapema

Kabla ya kumpeleka mtu mahali ambako hakuna mtu amewahi kufika, sisi humpeleka kwanza bila kumpeleka. Ndiyo kazi yetu hapa Houston, na ukimweleza mtu wa nje anacheka. Tulikwisha kwenda Kiazini mara nyingi kabla hata chombo chenyewe hakijaungwa. Tulikwenda kwa chaki na kwa kompyuta, tulikwenda tukining'inia kwenye kamba za darini, tulikwenda kwa kubishana mezani mpaka kahawa ikapoa. Wengine tulikwenda usingizini pia. Mimi nilikuwa naota nimekigusa kwa kiganja, nacho kinarudi nyuma taratibu, kama mlango ambao haukufungwa vizuri.

Kiazi ni asteroidi, yaani jiwe linalozunguka jua kama tunavyolizunguka sisi. Wanasayansi wana jina lao la herufi na tarakimu, lakini picha ya kwanza ilipofika mtu mmoja alisema kile ni kiazi, na jina likaganda. Mara chache mno kinapita karibu na Dunia, na karibu ya huko ni mbali kuliko mwezi mara nyingi sana. Nguvu yake ya kuvuta ni ndogo kiasi kwamba huwezi kusimama juu yake. Ukikanyaga kwa nguvu unapaa, usirudi tena. Mpango ulikuwa watu wanne watoke wakakilaki njiani, wakifunge kamba kama mbuzi mkorofi, wachukue vipande vyake, warudi. Wakichelewa, basi. Kikija kupita tena sisi sote tutakuwa udongo.

Mimi ni Amado Quintanilla, mtoto wa mji wa Alice, Texas, kule kusini kwenye joto na vumbi. Katika safari ile nilikuwa mtu wa akiba. Kiti cha nne alipewa Corinne Fontenot, na ikasemwa kwamba likimpata la kumpata, nitakaa mimi. Sisemi hakustahili. Alikuwa rubani mzuri kuliko mimi na mcheshi kuliko mimi, na hilo la pili liliniudhi zaidi. Nasema tu kwamba nilikitaka kiti kile vibaya sana, kwa namna ambayo mtu mzima hapaswi kutaka kitu.

Kuna swali moja ambalo kwetu huulizwa kila mtu kabla ya safari ndefu, na huulizwa mbele ya watu wake wa nyumbani. Ukiwa huko, msiba ukitokea kwenu, tukwambie au tusikwambie? Mkuu wa safari, Bi. Maureen Stavros, aliwauliza wote wanne siku moja mchana, tumekaa nje chini ya turubai, tunakula nyama ya moshi na supu ya bamia aliyoipika baba yake Corinne. Watatu walijibu waambiwe. Corinne akatikisa kichwa.

"Mimi msiniambie," alisema. "Nikiwa kule siwezi kurudi hata nikilia vipi. Mtakuwa mmenipa maiti niibebe safari nzima."

Baba yake, mzee Hollis, alikuwa fundi wa taa za barabarani mpaka alipostaafu, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa, aliyefiwa na mkewe. Nilidhani ataumia kusikia vile. Wapi. Alipangusa mdomo akasema, "Ahadi ni deni, mmesikia wote. Na kule mtu akilia machozi hayaanguki, yanamgandia machoni kama ute wa yai. Mwanangu asije akagonga jiwe la watu kwa sababu yangu."

Tukacheka. Supu ilikuwa tamu, na hakuna aliyeona kwamba alikuwa anapumua kwa taabu.

Baadaye likaja zoezi kubwa. Ndani ya banda moja la zamani la ndege tulijenga chombo cha bati na mbao, ukubwa ule ule wa chombo cha kweli, tukawafungia wanne ndani waishi humo kana kwamba wako safarini. Badala ya vioo vya madirisha tuliweka skrini, na kwenye skrini Dunia ilikuwa inapungua siku baada ya siku, kutoka ukubwa wa sinia mpaka ukubwa wa punje. Nje kulikuwa na maegesho ya magari, na ng'ambo ya barabara kuu kulikuwa na hospitali na duka la donati. Lakini ukiingia bandani ulikuwa unashusha sauti bila kuambiwa. Tulikuwa tunaamini. Sijui kama kuna watu wengine duniani wanaoamini mchezo wao namna ile.

Nitatoa mfano. Jokofu lao liliharibika katikati ya zoezi. Fundi alikuwa nje, hatua chache tu kutoka kwenye bati, na vifaa vyake mkononi. Hatukumruhusu. Angani hakuna fundi. Akakaa kwenye ndoo akamwelekeza Corinne kwa maneno, kupitia kwangu, na kila neno likawa linachelewa kwenda na kurudi. Chakula chao kikaharibika, wakala biskuti. Fundi aliondoka akisema sisi ni wendawazimu, na mimi nilimwona yeye ndiye hajui kitu.

Huko kuchelewa kwa maneno ndiko kulikokuwa kazi yangu. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa Dunia. Neno lolote la kwenda kwao lilipitia kwangu. Na kwa kuwa sauti ikisafiri mbali kiasi kile hutumia muda, tulikuwa na mashine ya kuzuia maneno, sanduku la kijivu lenye swichi ya duara ya kuzungusha kama ya jiko la gesi. Tuliliita Mzee Pole. Kadiri chombo kilivyokwenda mbali, Mzee Pole alizungushwa kidogo zaidi, na mwisho neno likawa linachukua nusu dakika kufika, na jibu nusu dakika nyingine kurudi. Mtu anaweza kusema dakika moja si kitu. Hebu mwulize mkeo kama bado anakupenda, kisha ungoje dakika moja.

Unajifunza kuzungumza upya. Huulizi swali ukangoja. Unasema la kwako lote, unatoa na majibu ya maswali ambayo hujaulizwa, halafu unaachilia na kuendelea na shughuli zako, na jibu linakukuta ukiwa umekwisha kuwa mtu mwingine kidogo. Nyumbani nikawa naulizwa chumvi iko wapi, natulia, natazama ukuta. Mke wangu, Pilar, akawa anawaambia watoto, "Mwacheni baba yenu, leo yuko mbali."

Palikuwa na utamu fulani ndani yake, sitaficha. Sauti ya Corinne ilikuwa inanijia kama inatoka kwenye ndoto ya mtu mwingine. Anaeleza jinsi nyota zilivyo dirishani, nyota ambazo tulizichora wenyewe, nami nafumba macho naziona. Mara nyingi nilisahau kwamba nikinyoosha miguu nikizunguka bati naweza kubisha hodi.

Kisha siku moja mzee Hollis akaanguka jikoni kwake, majirani wakamleta kwenye hospitali ile ile ng'ambo ya barabara. Nilikwenda kumwona. Moyo umechoka, daktari alinieleza koridoni, na hakunipa matumaini ya kufika mwisho wa wiki. Nilipoingia chumbani nilimkuta amekaa kwenye mito, uso wake dirishani.

Aliniuliza mwanawe amefika wapi. Nikamtajia umbali, mamilioni ya kilomita, kwa sauti yetu ile ya bandani. Akanitazama, akaanza kucheka mpaka akakohoa.

"Paa lake lile pale, Amado," alisema. "Naliona tangu jana."

Nikageuka. Kweli. Paa la banda lilikuwa linang'aa kwenye jua, na njiwa wametua juu yake. Nilihisi aibu, lakini sikuweza hata kusema ni aibu ya nini. Nikamwambia tumwite Corinne. Akakataa. Alisema mwanawe alitoa neno mbele ya watu naye akaliitikia mbele ya watu, na mtu haokoti neno lake chini kwa sababu tu barabara ni fupi. Alitaka kitu kimoja. Kesho chombo kitafika Kiazini, na kwenye mpango ndugu waliruhusiwa kutoa salamu siku hiyo. Basi yeye atatoa salamu kwa simu kama vile yuko nyumbani, amsikie mwanawe akisema amefika.

Nilikwenda kwa Stavros. Alinisikiliza amesimama. Ni mwanamke mkavu, lakini siku ile alikaa chini. Alisema hata yeye hakulala akiliwaza. Tukivunja neno la Corinne hapa, wale wanne watajua kwamba tutalivunja na kule, na tangu siku hiyo kila tukisema kwenu wazima hawatatuamini. Tena mlango ukifunguliwa zoezi limekufa kwa atakayetoka. Hakuna muda wa kumrudisha mwanzo kabla Kiazi hakijafika. Kiti chake kitaenda kwa mtu wa akiba.

"Na mtu wa akiba ni wewe," alisema. "Kwa hiyo Amado, wewe kuliko wote, nyamaza."

Wahenga walisema kufa kufaana, nami siku ile nililielewa neno hilo mpaka kwenye meno. Nikimwambia, nitakuwa nimemrudisha binti kwa baba yake, na pia nitakuwa nimejipatia nilichokililia miaka. Nisipomwambia, nitakuwa mwaminifu, na mzee atakufa akitazama paa. Nilijaribu kuutenganisha moyo wangu nione upande upi ndio unaosema, nikashindwa. Nilikaa ndani ya pikapu yangu pale maegeshoni, nakula donati nisiyoisikia ladha.

Siku ya kufika, chumba chetu kilijaa. Kwenye skrini za ndani ya chombo Kiazi kilikuwa kimeanza kukua, kijivu, kinajigeuza polepole kama mtu anayelala vizuri. Simu ya mzee ikaunganishwa. Nilimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake mlio wa mashine ya hospitali, nikaupunguza mlio ule usipite.

"Corinne, ni baba," alisema. "Bamia zimezaa. Mbwa mzima. Niambie kikoje."

Halafu ikawa ile dakika. Nilikuwa nimezoea dakika hiyo kama mtu anavyozoea ngazi za nyumbani kwake. Lakini mzee alikuwa hajaizoea. Nilimsikia akingoja, kisha pumzi ikawa nzito, kisha akaanza kuzungumza na mtu mwingine kabisa, marehemu mkewe nadhani, habari ya ngazi ya kufungia taa. Sauti ya Corinne ilipofika, yenye furaha, ikisema baba kiko hapa, kikubwa, kina kivuli kinachotembea, mawazo ya mzee yalikuwa yameshahama. Alishtuka akauliza nani anaongea. Swali lile likaondoka kwenda kwake nusu dakika, na wakati huo Corinne alikuwa bado anaeleza kivuli.

Wakaendelea hivyo. Kila mmoja alikuwa anamjibu mtu ambaye hayupo tena. Mzee akaita jina lake, akangoja, akaita tena kwa sauti ya mtoto aliyeachwa sokoni. Katikati yao palikuwa na barabara, maegesho, bati, na lile sanduku langu la kijivu.

Nikanyoosha mkono wa kulia nikamzungusha Mzee Pole mpaka mwisho, kwenye sifuri. Maneno yaliyokuwa bado njiani yakapotea, mpaka leo sijui yalikuwa yapi.

"Corinne, uko wapi?" mzee alisema.

"Baba?"

"Nipo."

Jibu lilitoka pale pale, neno juu ya neno, kama watu wawili kwenye meza moja. Hakuna aliyemwambia Corinne kitu. Lakini yeye alikuwa ameishi ndani ya kuchelewa kule muda mrefu, na hakuna dalili nyingine duniani ambayo angeielewa upesi vile. Alinyamaza. Mara hii kilikuwa kimya chake mwenyewe.

"Umejibu haraka, baba," alisema mwisho, taratibu.

"Sijui kujibu polepole, mwanangu. Mimi si mtu wa anga."

Tukasikia kiti kikisogea. Stavros alikuwa nyuma yangu. Nilijua bila kugeuka, na hakunizuia. Tukasikia hatua za soksi kwenye mbao, kisha mlango wa chombo ukafunguliwa kwa mlio mdogo wa kawaida, mlio wa mlango wa kabati. Corinne akatokea bandani, uso umepauka kwa kukosa jua, anapepesa macho. Nikampa ufunguo wa pikapu. Akautazama, akanitazama mimi, akaona pengine zaidi ya nilivyotaka aone, kisha akakimbia.

Alimkuta. Alinisimulia baadaye kwamba mzee alikuwa na akili zake zote saa hizo, na jambo la kwanza alilomwuliza ni kama amefungua mlango wa watu.

"Nikamwambia haukuwa umefungwa, baba," Corinne alisema. "Tangu siku ya kwanza haukuwa umefungwa. Kwa usalama, moto ukitokea. Sote tulijua."

Mzee aliufikiria mlango ule kwa muda, akacheka kidogo. Kisha akataka aelezwe Kiazi, mwanzo mpaka mwisho, na Corinne akamweleza huku amemshika mkono, wakitazama njiwa juu ya paa. Alifariki jioni ile jua likiwa bado nje.

Tulimzika kwa mvua nyepesi, na watu wa kanisani kwake waliimba mpaka nikasahau kiti. Lakini kiti hakikunisahau. Kilikuwa changu, Stavros alikwisha kusaini. Corinne alinivuta pembeni, karibu na ukuta wa makaburi, viatu vyake vina matope.

"Ulimzungusha Mzee Pole kwa ajili yangu," aliniuliza, "au kwa ajili ya kiti?"

Nilitaka kumwambia neno zuri. Alikuwa anastahili neno zuri. Nikatulia kama nilivyozoea kutulia, na safari hii hakuna jibu lililofika.

"Sijui, Corinne," nilisema. "Haki ya Mungu sijui."

Akatikisa kichwa, hakukasirika. "Basi nenda ukajue."

Haya nayaandika Kiazi kikiwa nje ya dirisha. Nami niliulizwa lile swali kabla ya kuondoka, mama yangu kutoka Alice amekaa kando na kipochi chake mapajani, nikasema niambieni. Mdomo wa Dunia sasa ni Corinne. Aliiomba kazi hiyo mwenyewe, na kila siku kabla ya neno jingine lolote anaanza na maneno mawili tu, kwenu wazima, nami naamini, kwa kuwa ni yeye. Siku ataanza na maneno mengine nitayapokea hapa hapa nilipo. Mlango wa huku, huo umefungwa kweli.

Tumefika leo. Tulikosea rangi. Kwenye zoezi tulikichora kijivu, kumbe ni cheusi kama sufuria ya kuni, na ukingo unaopigwa na jua una wekundu wa mbali. Hakitoi mlio wowote. Kinajigeuza polepole kuliko tulivyopanga, na wenzangu watatu wamebana nyuso dirishani, mmoja machozi yamemganda machoni kama mzee alivyosema.

Nikachukua kipaza sauti nikamweleza Corinne. Nikamwambia kwamba kile alichomsimulia baba yake siku ile hakikuwa hiki, hiki ni kizuri zaidi, na kwamba nasikitika mzee alikufa na picha yetu ya uongo. Maneno yakatoka kabla sijayapima. Kisha ikaanza ile dakika, na mara nikajua nilichokifanya. Yuko pale chumbani, mbele ya watu, amekaa kwenye kiti changu cha zamani, na maneno yale yako njiani yanamwendea, naye hajui. Yatamkuta mimi sipo. Chochote atakachosema hakitanifikia mpaka maneno yangu yawe yameshamwuma.

Mkono wangu wa kulia ukaondoka wenyewe. Ukaenda kwenye ubao, upande ule ule, ukipapasa swichi ya duara kama ya jiko la gesi, niizungushe mpaka sifuri niwe naye. Ukapapasa muda mrefu kabla sijauelewa. Huku hakuna Mzee Pole. Huku ni umbali tu. Nikaurudisha mkono pajani, nikangoja.